Kompyuta imegoma kuwaka baada ya apdeti ya BIOS: pitia hapa kabla hujakubali kwamba mazabodi imekufa

Mama mmoja mwalimu alivuka toka Ukerewe na boti ya asubuhi, akafika mezani kwangu hapa Nyegezi, Mwanza, kama saa tano hivi, laptopu kaifunga kwenye kitenge kama mtoto mchanga. Akaniambia, "Mwanangu, hii mashine imenifia mkononi. Jana usiku iliandika inaapdeti, nikaiacha nikalala, asubuhi nabonyeza haitoi hata picha." Alishapita kwa fundi mwingine huko mjini, akaambiwa mazabodi, lile bao kuu la ndani, imekufa atafute nyingine. Ni HP. Nikaiwasha, feni inazunguka, kioo cheusi tii, na taa ndogo ya Caps Lock inawaka mara mbili, inatulia, mara mbili tena, inatulia. Nikamwambia mama, keti kwanza, hii haijafa, hii inaongea.

Sasa hiyo kauli ya mazabodi imekufa ndo imenifanya niandike, maana watu wanauziwa mazabodi wakati shida ni maandishi tu. BIOS ni programu inayokaa kwenye chipu ndogo ya miguu minane, saizi ya punje ya mahindi, na ndo ya kwanza kuamka ukibonyeza pawa kabla hata Windows haijajua kama kumekucha. Ukiapdeti, ile programu ya zamani inafutwa na mpya inaandikwa juu yake. Umeme ukikatika katikati, au faili likiwa la modeli nyingine, unabaki na maandishi nusu. Hakuna kilichoungua hapo. Na mara nyingi hata hayo maandishi yako sawa kabisa, kilichoharibika ni setingi tu zimerudi za kiwandani.

Kingine, wengi wanaapa hawajagusa BIOS kabisa. Wanasema kweli. Siku hizi Windows Update yenyewe inaleta apdeti ya BIOS kwenye HP, Dell, Lenovo na wenzao, imeandikwa Firmware, we unaona tu "restart" unakubali.

Kwanza kabisa, toa mkono kwenye pawa

Mashine ikiwa ndo imetoka kuapdeti na kioo cheusi lakini taa ya pawa inawaka au feni inapuliza, iache. Chomeka chaja, nenda kanywe chai, ipe nusu saa nzima. Laptopu nyingi zinajizima na kujiwasha mara mbili tatu zenyewe wakati wa apdeti, feni inapiga kelele kama ndege inataka kuruka halafu kimya, mtu anaogopa anashikilia pawa anaizima, na hapo ndo anaiua kweli. Desktopu mpya zinazotumia ramu ya DDR5 nazo zina tabia yake, baada ya BIOS mpya inaanza upya kuzipima ramu, kioo kinabaki cheusi dakika kadhaa na ukiwa na ramu nyingi inachukua muda zaidi. We unaona imekufa kumbe inahesabu.

Nusu saa ikipita hamna kitu, ndo tunaanza kazi.

Imekufa kufa gani?

Usifungue skrubu hata moja kabla hujajua hili. Washa halafu angalia na usikilize. Kama unaona nembo ya kampuni, au maandishi yoyote, au "No bootable device", au kioo cha bluu, basi BIOS yako ni nzima, ruka mpaka kule chini kwenye sehemu ya Windows. Kama kioo ni cheusi, bonyeza Caps Lock mara kadhaa. Taa yake ikiitika inawaka na kuzima, mara nyingi mashine imepita hatua zake za mwanzo na shida inaweza kuwa picha tu haitoki, chomeka TV au monita nyingine uone. Kama Caps Lock haiitiki, au inapepesa yenyewe kwa mpangilio, au mashine inawaka sekunde tatu inazima inawaka tena bila kikomo, hapo BIOS inashukiwa kweli.

Hesabu zile pepesa. Kwenye HP nyingi Caps Lock kupepesa mara mbili mbili maana yake BIOS imeharibika, ndo ile ya mama. Mara tatu ni habari za ramu, usihangaike na BIOS bure. Dell nazo zinapepesa taa ya betri au ya pawa, mfano mara ngapi za rangi ya chungwa halafu mara ngapi nyeupe. Rekodi video kwa simu, halafu tafuta maana yake kwenye tovuti ya kampuni kwa modeli yako hiyo hiyo, usichukue ya modeli ya jirani.

Toa umeme wote mwilini

Hii inaonekana ya kitoto ila imeniokoa mara nyingi. Laptopu: chomoa chaja, toa betri kama inatoka, chomoa flashi, mausi, kila kitu, halafu shikilia pawa sekunde 30. Chomeka chaja peke yake, washa. Desktopu: chomoa waya wa umeme ukutani, sio kuzima swichi tu, shikilia pawa hivyo hivyo.

Ikigoma, tunafuta setingi. Desktopu ina betri ya duara, CR2032, volti 3. Chomoa umeme, itoe, subiri dakika kumi, irudishe. Au tafuta pini mbili kwenye mazabodi zilizoandikwa CLRTC, JBAT1 au CLR_CMOS, uziguse pamoja kwa jampa au ncha ya bisibisi sekunde kumi hivi, umeme ukiwa umechomolewa, narudia, umechomolewa. Ukiwa na mita ipime hiyo betri, ikiwa chini ya 2.7 tupa weka mpya, haina bei. Mashine zetu hizi za mtumba nyingi zinakuja na betri imeshachoka siku nyingi, ndo zile ambazo kila umeme ukikatika saa na tarehe zinarudi nyuma miaka. Laptopu za kisasa nyingi hazina hiyo betri ya duara kabisa, zinategemea betri kubwa, kwa hiyo fungua mfuniko wa chini, chomoa plagi ya betri kubwa kwenye mazabodi, subiri hizo dakika kumi. Baadhi ya ThinkPad zina kitundu chini kama cha laini ya simu, ingiza kipini bonyeza, kazi imeisha bila kufungua chochote.

Ila ngoja. Kama unajua mashine ina BitLocker, lile kufuli la Windows linalofunga data za diski, kasome kwanza sehemu ya mwisho, kufuta setingi kunaweza kukuamshia jambo.

Ukiwa umeshafungua, toa ramu, sugua meno yake taratibu kwa raba ya penseli, rudisha moja tu kwenye tundu moja, jaribu, badilisha tundu. Sisi wa huku ziwani tuna na shida ya wale wadudu wadogo wanaokuja kama moshi toka majini, wanafuata mwanga wa kioo usiku wanaingia mpaka ndani ya feni, nimeshatoa laptopu ya mtu wa Kirumba wamejaa kama dagaa kwenye debe. Safisha ukiwa hapo hapo.

Desktopu yenye kadi ya picha ya kuchomeka ina mtego wake. Setingi zikirudi za kiwandani, picha inaweza kuhamia kwenye tundu la mazabodi, kwa hiyo jaribu waya wa monita matundu yote mawili. Na kama kadi ni ya zamani sana, BIOS mpya ikizima ile setingi inayoitwa CSM, ya kuruhusu vifaa vya kizamani, kadi haitoi picha mpaka Windows, au haitoi kabisa. Azima kadi mpya kidogo au tumia tundu la mazabodi kama prosesa yako ina picha yake, ingia BIOS, washa CSM.

Kuifufua kwa flashi

Haya, umefika hapa bado nyeusi. Sasa tunairudishia maandishi yake. Kampuni nyingi zimeacha mlango wa nyuma kwa ajili ya siku kama hii, na watu hawaujui.

Tafuta flashi ndogo, GB 4, 8, mpaka 32, uiformati kwa mpangilio wa FAT32. Kubwa zaidi Windows haikupi FAT32 kirahisi, na mlango wa nyuma hausomi NTFS. Faili lichukue tovuti ya kampuni yenyewe kwa modeli kamili iliyoandikwa chini ya mashine. Sio jina la familia tu, modeli kamili. Mi niliwahi kuua desktopu ya stesheneri moja ya Igoma kwa ujeuri huu huu, mazabodi jina lile lile ila kwenye kona imeandikwa rev 1.0 na mi nimepakua ya rev 2.0, programu ikagoma, nikatafuta programu ya zamani isiyouliza maswali nikalazimisha. Ikalazimika. Nilimlipa mwenye mali.

HP: kwenye kompyuta nyingine ya Windows fungua lile faili la BIOS ulilopakua, kuna chaguo la kutengeneza flashi ya ufufuo, lichague, litaandika lenyewe. Kisha kwenye mgonjwa, zima, chomeka chaja na flashi, shikilia Windows na B kwa pamoja, ukiwa bado umeshikilia bonyeza pawa sekunde mbili tatu, achia pawa, Windows na B usiachie. Kioo kinaweza kubaki cheusi kama sekunde 40, usikate tamaa, utasikia mlio au utaona maandishi. B ikigoma jaribu Windows na V. Nyingine zina nakala ya BIOS ndani ya diski, hata flashi hazihitaji, kwa hiyo jaribu kwanza bila flashi. Ya mama ilikataa bila flashi. Nilipochomeka flashi, mara ya kwanza kimya, mara ya pili nikagundua kidole changu kinaachia B kabla ya wakati, mara ya tatu ikapiga mlio na ule mstari wa asilimia ukaanza kutambaa, mama akasimama kabisa akawa anasoma kwa sauti, kumi na mbili, kumi na tano, kama anahesabu kura.

Dell: hii naipenda kwa sababu hata kompyuta ya pili sio lazima, simu na waya wa OTG, ule wa kuchomeka flashi kwenye simu, vinatosha. Pakua faili la BIOS la .exe, libadili jina liwe BIOS_IMG.rcv, liweke kwenye flashi nje, sio ndani ya folda. Ukilibadilishia kwenye Windows hakikisha umewasha kuonyesha mikia ya mafaili, la sivyo litakuwa BIOS_IMG.rcv.exe na utashangaa kwa nini halisomeki. Laptopu ikiwa imezimwa na chaja imechomolewa, shikilia Ctrl na Esc, chomeka chaja huku umeshikilia, achia ukiona ukurasa wa ufufuo. Desktopu unashikilia Ctrl na Esc halafu unabonyeza pawa.

Mazabodi za desktopu za kununua peke yake, angalia nyuma kama kuna kitufe kidogo cha kuflashi BIOS na tundu la USB limewekewa alama. Hizi hata prosesa na ramu hazihitaji, umeme tu. Kila mmoja anataka jina lake: MSI anataka MSI.ROM, Gigabyte anataka GIGABYTE.bin, ASRock anataka CREATIVE.ROM, ASUS wana kiprogramu ndani ya zipu kinaitwa BIOSRenamer kinakubadilishia jina chenyewe. Mashine imezimwa, waya wa umeme umechomekwa, flashi kwenye tundu lile lile lenye alama, bonyeza kitufe, ASUS wanataka ushikilie sekunde tatu. Taa itapepesa dakika kadhaa. Kwa ASUS ikipepesa kama sekunde tano halafu ikaganda inawaka tu, haijasoma, ni jina au flashi. Ikizima yenyewe baada ya kupepesa vizuri, imemaliza. Baadhi ya Gigabyte zina chipu mbili za BIOS kabisa, moja ikifa nyingine inashika.

Kabla hujaanza yote haya, fikiria umeme wako. Ukiwa huku kwetu unajua inavyokuwa mawingu yakijikusanya ziwani saa kumi jioni. Laptopu iwe na betri yenye chaji plus chaja, desktopu iwe kwenye UPS au inveta, na kama huna azima, usipeleke mgonjwa chumba cha upasuaji na mshumaa.

Ikigoma yote: programa ya chipu

Hapa ndo kwa mafundi, ila ujue ipo ili mtu asikuuzie mazabodi bure. Kuna kifaa kinaitwa CH341A na klipu yake ya miguu minane. Unatoa betri zote, unabana klipu kwenye ile chipu, waya mwekundu upande wa kidoti kilichochorwa kwenye chipu, unasoma, unaandika.

Soma namba ya chipu kabla ya kubana. 25Q64 ni MB 8, 25Q128 ni MB 16, na hizi za kawaida ni volti 3.3. Laptopu nyingi za kisasa zina chipu za volti 1.8, zinahitaji adapta yake, bila adapta unachoma kweli, na hapo sasa mazabodi inakufa kihalali. Halafu zile CH341A nyeusi za bei rahisi zinajulikana kupeleka volti 5 kwenye nyaya za data, mafundi makini wanazirekebisha kwanza.

Soma chipu mara mbili ulinganishe mafaili yafanane kabisa, yasipofanana klipu haijakaa. Nakala hiyo itunze hata kama imeharibika, usifute, maana ndani yake kuna serial namba ya mashine, leseni ya Windows iliyokuja nayo, kwenye nyingine hata anwani ya mtandao. Fundi akikuandikia BIOS aliyoitoa kwenye mashine ya mtu mwingine bila kuhamisha hivyo vitu, laptopu itawaka lakini itakuwa imevaa kitambulisho cha mtu. Na faili la .exe la kampuni haliandikwi hivi hivi, lazima upate faili lenye ukubwa sawasawa na chipu, la MB 8 liwe baiti 8,388,608, pungufu hata moja usiandike.

Inawaka ila haifiki Windows

Hapa ndo wateja wengi wako, na ndo pa kuliwa pesa. Ingia BIOS: Dell na Acer ni F2, HP ni F10, Lenovo F1 au F2, mazabodi nyingi Delete. Angalia kama diski inaonekana. Haionekani, fungua uikaze. Inaonekana, basi ni setingi mbili tu ndo zinasumbua.

Ya kwanza ni Legacy na UEFI, yaani njia ya kizamani na ya kisasa ya kuwashia Windows. Mashine za mtumba, fundi aliyeweka Windows alitumia njia aliyoizoea. Kama kwenye orodha ya kuwashia unaona Windows Boot Manager, weka UEFI na uichague iwe ya kwanza. Kama huioni na Windows iliwekwa kizamani, rudisha Legacy, zima Secure Boot, jaribu.

Ya pili, AHCI na RAID, njia mbili za mashine kuongea na diski. OptiPlex na Latitude, hizi Dell ambazo zimejaa kila ofisi toka Makoroboi mpaka Buzuruga, toka kiwandani zinakuja RAID On, fundi akiweka Windows mpya anazigeuza AHCI ili diski ionekane. Setingi zikirudi za kiwandani, RAID inarudi, Windows inaamka inakuta mlango umebadilishwa kufuli, inakupa kioo cha bluu kimeandikwa INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Mtu anaambiwa diski imekufa. Badilisha AHCI, seivu, washa, umemaliza. Kama ilikuwa RAID ikawa AHCI ni hivyo hivyo kinyume chake. Laptopu mpya za Intel setingi hiyo mara nyingi inaitwa VMD.

Zote zikigoma, washa kwa flashi ya kuwekea Windows, ikifika ukurasa wa kwanza bonyeza Shift na F10, andika diskpart, halafu list vol, tafuta kipande kidogo cha FAT32 cha MB 100 hivi, select vol na namba yake, assign letter=S, exit, halafu bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI. Hakikisha Windows iko C kweli, huko ndani herufi zinahama, andika dir C:\ uone.

BitLocker

Ya mama ilivyofika asilimia mia ikajizima, ikawaka, nembo ya HP hiyo, mama akapiga kigelegele kidogo cha chini chini. Halafu kikaja kioo cha bluu cha BitLocker kinaomba namba ya tarakimu 48.

BIOS ikibadilika, BitLocker inaona kama mashine imeibiwa na diski imehamishwa, inafunga. Kwenye laptopu nyingi za Windows 10 na 11 hii BitLocker inajiwasha yenyewe ukiingia na akaunti ya Microsoft, mwenye mali hana habari. Ukiwa na desktopu ya AMD unaweza kuulizwa kuhusu fTPM, sehemu inayotunza funguo za BitLocker, ubonyeze Y au N. Bonyeza N kama hujui, Y inafuta funguo. Zile tarakimu 48 zipo account.microsoft.com/devices/recoverykey, ingia kwa simu, linganisha herufi nane za mwanzo za Key ID na zilizopo kwenye kioo. Usikubali mtu akuambie aformati kabla ya kuangalia hapo, bila hiyo namba data haitoki. Na siku nyingine kabla ya apdeti nenda kwenye BitLocker bonyeza Suspend, ni sekunde tano.

Namuuliza mama akaunti ya Microsoft, hajui ndo nini. Nani alikuwekea hii laptopu? Mwanangu, yuko Dodoma. Tukampigia, hakupokea, tukampigia tena, yuko kwenye daladala, akasema mama subiri nishuke. Mama anaangalia saa maana boti ya kurudi Nansio haimsubiri mtu na ndani ya hiyo laptopu kuna alama za darasa zima. Saa nane kasoro ikaingia meseji, mafungu nane ya namba sita sita. Akavaa miwani, akawa ananisomea fungu moja moja taratibu kama imla ya darasa la tatu, mi naandika, fungu la tano nikaandika tatu badala ya nane akaniona, "Rudia hapo, kijana." Nikarudia. Windows yake ikafunguka, picha ya wajukuu wawili wamesimama juu ya mawe, mafaili yote yapo. Akaizima mwenyewe, akaifunga kwenye kitenge chake, akaniuliza kama ikisema tena inaapdeti akatae. Nikamwambia akubali, ila mchana, chaja ikiwa imechomekwa, na asilale.